Injini Ilichemka, Rejeta Ikawa Baridi

Jumatano, jioni. Fizi-Centre. Mvua imekatika, lakini ukungu umekaa juu ya mabati na hauna haraka ya kuondoka. Nina baridi, nina njaa, na nina hasira ambayo sijui niimalizie kwa nani.

Ninaandika kwa simu, nimekaa kwenye kiti cha mbele cha jeep ya marehemu mume wangu, katika uwanja wa shule ya masista. Mtandao hakuna. Haya yatapanda kwenye blogu siku mnara utakapofufuka. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama upo, unasoma mambo ambayo yameshakwisha, vyovyote yalivyokwisha. Mimi bado sijui.

Nilikuja hapa kumchukua binti yangu, Neema. Neema hayupo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiendelea kurukaruka hivi nitaanza kulia, na shemeji yangu Wilondja yuko pale kwenye baraza ananitazama. Sitaki anione.

Tangu Jumapili tulikuwa tunasikia bunduki upande wa milima. Kwetu Baraka, mji wa chini kando ya ziwa, mtu husikia milio, anasimama kidogo, anarudi kwenye samaki zake. Tumezoea, Mungu atusamehe. Lakini jana watu walianza kushuka na magodoro, wakasema mapigano yanasogea Fizi. Na Fizi ndiko nilikompeleka mtoto wangu wa pekee akalale bweni, kwa sababu mimi, mwalimu mzima wa sekondari, niliona kwamba huku juu kuna utulivu kuliko mjini. Niliwaambia hata majirani hivyo. Niliwaambia kwa sauti.

Basi nikaamua: asubuhi napanda kumchukua.

Tatizo lilikuwa jeep. Mume wangu alikuwa dereva wa shirika fulani, na shirika liliponunua magari mapya wakamwachia hii kuukuu. Ilitoka Ulaya, kwenye theluji, kwa hiyo ina chauffage, yaani kile kifaa cha kupasha joto watu waliokaa ndani. Hebu fikiri. Chauffage, Baraka! Mji ambao watu hulala na madirisha wazi wakiomba ziwa liwapulizie. Hakuna mtu katika familia yetu aliyewahi kuiwasha, isipokuwa Neema alipokuwa mdogo, akipandisha vitufe kwa fujo, na baba yake akimpigia kelele huku anacheka.

Lakini chauffage haijali kama unaitumia au huitumii. Nyuma ya dashibodi kuna karejeta kadogo, na maji ya moto ya injini yanapita humo kila siku, yanaingia kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine. Karejeta ketu kalikuwa kameoza. Maji yalikuwa yanadondokea miguu ya abiria, na vioo vilijaa mvuke kiasi kwamba niliendesha huku natoa kichwa nje. Watu wa sokoni walinicheka sana. Kwa safari ya nyumbani hadi shuleni ninakofundisha niliongeza maji, nikaenda zangu. Kwa mlima wa Fizi ingekuwa kujidanganya.

Fundi wa magari niliyemwamini alikuwa ameshavuka ziwa na familia yake. Akabaki Wilondja.

Wilondja ni mdogo wake marehemu. Anatengeneza mitumbwi. Ni mtu mwema, mwenye mikono mikubwa, na hajawahi kukutana na kitu ambacho hakijui. Nilimweleza kwamba ninataka maji yasifike tena kwenye chauffage. Akainamia injini, akaguna, akapapasa mipira yote miwili, kisha akacheka.

"Shemeji, ni hii tu inakunyima usingizi? Miye nafunga mitumbwi inavuka mpaka Kigoma na mizigo, halafu nishindwe na kampira?"

Akachonga vigingi viwili vya mti. Akavizungushia pamba iliyoloweshwa mawese, vile wanavyoziba nyufa za mtumbwi. Akaichomoa mipira kwenye chauffage, akapigilia kigingi katika mdomo wa kila mmoja, akafunga juu yake kwa waya hadi mishipa ya mikono ikamtoka. Tukawasha. Tukangoja.

"Ona," akasema. "Hata tone."

Na kweli, hata tone. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilimpikia.

Leo asubuhi tuliondoka pamoja, maana alikataa niende peke yangu. Hadi mwanzo wa mlima kila kitu kilikuwa sawa. Vioo vilikuwa safi, miguu mikavu. Wilondja alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilikuwa napanga moyoni maneno nitakayomwambia sista mkuu, na nguo za Neema nitaziweka wapi, na kama tungeweza kuwabeba na wenzake wawili watatu.

Halafu mshale wa joto ukaanza kupanda.

Mwanzoni nilijiambia ni mlima tu. Nikapunguza mwendo. Mshale ukaendelea. Nikakumbuka jinsi mume wangu alivyokuwa akifanya injini ikizidiwa mlimani: alifungua chauffage yote, hata kama ndani tulikuwa tunatokwa jasho, ili joto la injini litokee kwetu. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe, nikakipandisha mpaka mwisho. Kikaleta upepo wa baridi. Bila shaka. Tulikuwa tumeiziba.

Tukafika kwenye kona moja ambayo upande mmoja ni ukuta wa udongo na upande mwingine ni bonde, na hapo moshi mweupe ukatoka chini ya boneti kwa kishindo. Nikazima. Tukatoka mbio sote wawili.

Pale njiani watu walikuwa wanashuka. Bamama na mizigo kichwani, wazee, mbuzi, mwanamume aliyebeba cherehani mgongoni. Walipita kando ya moshi wetu bila kushangaa. Mtu anayekimbia vita hashangazwi na gari bovu.

Nikaanza kuwauliza. Niliuliza kila mtu.

"Bamama, muliona batoto ba internat, ba bweni? Babinti ba kwa masista?"

"Hapana, mama. Hatukuona babinti."

Wote walijibu hivyo. Mzee mmoja akaongeza, "Bado bako kule, labda. Masista banafunga mulango."

Na mimi nikafurahi! Ninaliandika hili kwa sababu linaniuma kuliko yote. Kila aliyesema hajaona msichana hata mmoja barabarani, nilimpokea kama aliyeniletea habari njema. Nilisema: vizuri, hawajatoka, wamefungiwa, wananingoja.

Wilondja alisema tuache gari. Alisema kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake.

"Shemeji, tutembee. Tukienda kwa miguu sasa, tutafika. Gari tutaikuta."

Nikakataa. Nilimwambia mtoto hawezi kushuka kwa miguu njia hii na watu wenye bunduki wamejaa. Hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu yenyewe. Sababu ni kwamba sikutaka kuiacha jeep ya mume wangu porini wakaivunjevunje. Bado ina harufu yake kwenye kiti. Nilichagua gari.

Injini ya moto huwezi kuifungua. Ukifungua kifuniko maji yanakurukia usoni, na ukiimwagia maji ya baridi unaipasua. Kwa hiyo unangoja. Nilikaa juu ya jiwe nikingoja chuma kipoe, na bunduki zilikuwa zinasikika nyuma ya vilima, si karibu, si mbali. Nilitamani kuipiga mateke. Niliipiga, kwa kweli. Mguu bado unauma.

Ilipopoa kiasi niliweka mkono kwenye rejeta, ile kubwa ya mbele. Nikashtuka. Ilikuwa baridi.

Injini imechemka mpaka kutoa moshi, na rejeta ambayo kazi yake ni kuyapoza maji hayo imekaa baridi kama chungu kilicholala. Maana yake maji hayafiki. Nikasimama pale nikijaribu kumkumbuka mume wangu akieleza, yeye na kidole chake chenye grisi. Alikuwa akisema ndani ya injini kuna mlango mdogo, themostati, ambao hufunguka maji ya moto yakiugusa, ndipo yanaruhusiwa kwenda kwenye rejeta. Na katika injini hii, maji yanayougusa ule mlango ni yale yanayorudi kutoka kwenye chauffage.

Nikaitazama mipira miwili iliyozibwa vizuri. Hata tone.

Wilondja aliifunga jeep kama anavyofunga mtumbwi. Kwenye mtumbwi maji ni adui, unayazuia, umemaliza kazi. Na mimi jana nilisimama kando yake nikimshikia taa, mwalimu mzima, nikaona kazi nzuri. Hakuna aliyejiuliza yale maji yalikuwa yanaenda wapi.

Nilimweleza. Akavitazama vigingi vyake, halafu akasema, "Basi miye ndiye nilikuua, shemeji."

Nilimwambia aache maneno, achomoe.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, na ndiyo inayonitesa. Tuliutupa mpira mmoja. Mwingine, ule mrefu, tulichomoa kigingi chake, tukaukunja, tukaurudisha kwenye injini penyewe, ili maji yatoke huku na yaingie kule bila kupita kwenye chauffage kabisa. Tukaukaza kwa ule ule waya. Ndivyo ilivyotakiwa kufanywa jana, nyumbani, kabla ya chakula. Kisha Wilondja akashuka bondeni na bidoni, yaani dumu, kutafuta maji, na huko alikaa mno, nikaanza kuamini ameuawa, nikaanza kuita jina lake, na watu waliokuwa wanashuka wakaongeza mwendo kwa kunisikia. Akarudi na matope mpaka magotini na bidoni mabegani. Tukajaza. Tukawasha.

Mshale ulipanda, ukafika katikati, ukakaa. Niliweka mkono kwenye rejeta, ikawa ya moto. Nililia kwa furaha, upuuzi gani huu, kulilia bomba.

Tulipoingia Fizi jua lilikuwa limeshageuka. Geti la shule lilikuwa wazi. Uwanjani kulikuwa na ndala moja, na sufuria iliyopinduka, na mtu mmoja tu, Mama Faida, mpishi wa bweni. Alikuwa anafunga kuku wake miguu.

"Mama Neema?" akasema. "Unakuja kufanya nini huku?"

Nikamwambia nimekuja kumchukua mtoto.

Akaacha kuku. Akaeleza polepole, kwa namna watu wanavyomweleza mgonjwa. Wasichana waliondoka asubuhi. Si alfajiri, masista waliwazuia, wakangoja kwanza waone kama kutakuwa na gari lolote la kuwabeba. Jua lilipokwisha kupanda na gari halikuja, wakawaruhusu. Walikwenda wote pamoja na sista mmoja, kuelekea Baraka.

"Lakini tulikuwa barabarani!" nikamwambia. "Tumeuliza kila muntu!"

Mama Faida akanitazama.

"Mama, babinti banaweza pita kwa barrière? Mbele ya bale ba bunduki? Balipita njia ya mashamba."

Njia ya mashamba. Mimi ni mwanamke wa hapa hapa, nimezaliwa hapa, nimekimbia vita nikiwa msichana, na mama yangu alinipitisha kwenye mihogo nikiwa nimejipaka masizi usoni. Ninajua vizuri kwa nini barabarani hakukuwa na msichana hata mmoja. Nilijua, na sikufikiri. Nilikuwa nimezama ndani ya boneti.

Kama tungefika mapema wangekuwa bado hapa. Walikuwa wanangoja gari.

Niligeuza jeep papo hapo. Kwenye barrière, kile kizuizi cha wanajeshi barabarani, mwanajeshi mmoja, kijana wa umri wa wanafunzi wangu, akaweka mkono juu. Barabara imefungwa. Mapigano yamekatiza kule chini, kwenye zile kona tulizopita. Nikamsihi, nikampandishia sauti, nikaishusha. Akasema, "Mama, rudi. Sitaki kukuona kesho juu ya barabara umelala." Hakusema kwa ubaya. Nikarudi.

Nilidhani hapo ndipo siku imefika mwisho wake. Niliketi humu ndani nikaomba, nikamwambia Mungu nataka jambo moja tu, nijue kama amefika.

Kabla jua halijazama mtandao ulirudi, kidogo sana, mstari mmoja. Simu ikatetemeka. Ujumbe kutoka kwa jirani yangu wa Baraka, Mama Riziki. Lakini hakuwa yeye aliyeandika.

"Mama, ni mimi Neema. Nimefika nyumbani, niko mzima, miguu tu. Nimekuta mlango umefungwa. Mama Riziki anasema wewe na baba mdogo mmepanda Fizi kunitafuta. Watu wanasema barabara ni mbaya. Kama hamtaonekana usiku huu, kesho asubuhi mapema napanda kuwafuata. Usiogope."

Niliusoma nikapiga kelele ya furaha mpaka Wilondja akaja mbio. Mzima! Yuko nyumbani! Nilimkumbatia shemeji yangu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu tumzike ndugu yake. Tukasoma tena, yeye akifuatisha kwa kidole. Na kidole chake kikasimama kwenye neno "napanda".

Nikaandika: USITOKE. KAA HAPO. Ikakataa kwenda. Nikapanda juu ya boneti, nikainua simu. Nikaenda mpaka nyuma ya kanisa, pale ambapo mtandao hushika kama upo popote. Ule mstari ulikuwa umeshapotea. Mpaka sasa kila ninapobonyeza, inaniandikia kwamba ujumbe haukutumwa.

Nimemlea mwenyewe, ninamjua. Hasemi jambo asilolifanya. Ana kichwa cha baba yake na ubishi wangu. Mama Riziki hawezi kumzuia. Kesho kukipambazuka atafunga kanga kiunoni na kutoka, mtoto wa kidato cha nne, kuja kumwokoa mama yake, kwa sababu mama yake alikwenda kumwokoa yeye.

Nimekaa na Wilondja tukafanya mpango. Giza likianza tu kupauka, yeye atakwenda na jeep mpaka barrière na kuwasihi tena, na wakimkubalia atashuka kwa barabara polepole, akimtafuta kila upande. Kama watamnyang'anya gari, awape ufunguo. Nimemwambia hivyo: awape. Asibishane na mtu kwa ajili ya bati.

Mimi nitashuka kwa njia ya mashamba, kwa miguu. Masizi yapo jikoni kwa Mama Faida.

Wilondja ameuliza swali moja tu, mtoto atapita njia gani, na ndilo lililonifanya nitoe simu nikaanza kuandika haya yote.

Leo Neema alipita mashambani kwa sababu alikuwa msichana anayekimbia. Kesho atakuwa anapanda kumtafuta mama yake, na anajua kwamba mama yake yuko kwenye gari, na gari halipiti mashambani. Atafikiria hivyo. Nimemfundisha kufikiri.

Kwa hiyo atachagua barabara?

Au atafikiri kwamba na mimi nitaacha gari na kumfuata mashambani, naye apite huko?